Kuipata Rangi ya Kampuni

Rangi ya fedha ndiyo inayomuumbua fundi kuliko zote. Nyeupe tupu ya Toyota, namba 040, fundi wa wastani akipata kopo sahihi na akapuliza kwa utulivu ataipatia. Nyeusi tupu, 202, itamsumbua kwa vumbi na mikwaruzo, lakini si kwa kulingana. Mpe sasa 1F7, ile fedha ya Toyota nyingi tunazoagiza Japani, kisha rudi jioni kuchukua gari: boneti inasema hivi, mlango unasema vile. Anayetaka kujua ubora wa kazi ya rangi aanzie kwenye fedha, maana hapo hakuna pa kujificha.

Sababu imo ndani ya rangi yenyewe. Rangi ya metaliki ina chembe bapa za aluminiamu, nazo hubadilisha sura kulingana na zilivyolala, kama mahameli inavyobadilika ukiipapasa. Zikilala sawasawa juu ya bodi, rangi inang'aa ukiikabili na inaingia giza ukiitazama kwa pembeni. Zikisimama ovyo, mambo yanageuka. Kinachoamua zilale vipi ni upepo wa kompresa, wingi wa thina, umbali wa bunduki ya rangi na mwendo wa mkono. Fundi akipuliza kavukavu, rangi ikifika kwenye bati imekaribia kukauka, fedha inakuwa nyeupe zaidi. Akipuliza majimaji, inakolea. Kopo ni moja, mafundi wawili, rangi mbili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi inunuliwe duka gani, uliza nani atashika bunduki.

Namba ya rangi hata hivyo ni lazima ijulikane. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani bamba liko ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa COLOR na TRIM, au C/TR kwa kifupi: alama za kwanza ni rangi ya bodi, zinazofuata ni za vitambaa vya ndani. Ila namba moja haina sura moja. Kiwanda hupaka magari ya namba hiyo kwa miaka mingi, pengine katika mitambo tofauti, na rangi inasogea kidogo kuelekea ubuluu, unjano au weusi. Kampuni za rangi zinalijua hilo, na kwa namba moja hutoa matoleo kadhaa yenye kadi zake za rangi. Mchanganyaji anayeijua kazi atatoa kadi hizo na kuzilaza moja moja juu ya gari lako. Anayepima gramu kwenye mizani bila hata kutoka nje kuliona gari, hata akiwa na kompyuta, mimi simwamini.

Kuna pia magari yaliyokwisha kupakwa kabla hayajapanda meli. Ukiwa na karatasi ya mnada wa Japani, tazama ule mchoro wa gari: herufi W kwenye paneli ina maana imetengenezwa, na W3 ni mbaya kuliko W1. Kulinganisha rangi na paneli ya namna hiyo ni kumfuata fundi mwingine na makosa yake. Chagua paneli ambayo bado ina rangi ya kampuni.

Paneli hiyo isafishwe kwanza. Jua letu la karibu na ikweta linachosha rangi, na boneti na paa huchoka kabla ya sehemu ya chini ya mlango. Ioshe, isuguliwe kwa polishi mpaka ngozi iliyokufa itoke, ndipo ulinganishe. Wengi hukimbilia kuchukua rangi ndani ya boneti, pembeni mwa injini, kwa kuwa pale jua halifiki. Pale pananidanganya mara nyingi: kiwandani sehemu hiyo hupulizwa rangi nyembamba, na klia yake, lile tabaka angavu la juu, huenda isiwe kama ya nje. Linganisha na paneli inayopakana na utakayoipaka, kwa sababu macho ya watu yatazitazama hizo mbili pamoja.

Sasa kadi ya majaribio, ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Fundi mzuri hupuliza kadi kabla hajagusa gari, kwa bunduki ileile, upepo uleule na thina ileile atakayoitumia kwenye bodi. Kadi nzuri ina mistari myeusi na myeupe chini, ili ijulikane ni mipulizo mingapi inafunika kabisa; rangi isiyofunika itabadilishwa na praima iliyo chini yake, na rangi nyekundu huathirika sana. Kisha kadi ipigwe klia na ikauke. Rangi ya chini kabla ya klia imefifia, na anayekuonyesha kadi isiyo na klia anakuonyesha kitu ambacho hakitakuwepo kwenye gari.

Ishike kadi juu ya bodi, kwenye mwanga wa mchana, kivulini, si chini ya jua la utosi. Itazame ukiikabili. Inama, itazame kwa pembeni karibu na kulala. Zunguka upande wa pili. Kadi inayolingana mbele na kuachana pembeni haijalingana, hata fundi aape. Halafu ipeleke chini ya taa: rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kukubaliana juani na kukataana chini ya taa za kituo cha mafuta. Hapa ndipo subira ya mteja inapopimwa, na ndipo ninapomtambua fundi anayeipenda kazi yake. Atapuliza kadi ya pili, ya tatu, bila kununa.

Nyeupe ya lulu, kama 070 ya Toyota, ina kazi ya ziada. Ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu inayopitisha mwanga, na klia. Kila mpulizo wa lulu unaisogeza rangi. Fundi anayejua huandaa kadi yenye ngazi, mpulizo mmoja, miwili, mitatu, minne, kisha anachagua ngazi inayolingana na gari. Asiyeandaa kadi hiyo usimpe gari la lulu.

Hata kadi ikilingana vizuri, fundi bora hakati rangi kwenye mstari wa mlango. Anaivuta kidogo ndani ya paneli ya jirani, ikififia taratibu, kisha anapiga klia paneli zote mbili nzima. Jicho halipati mahali pa kulinganisha. Klia iliyokatwa katikati ya paneli huonekana safi siku ya kwanza, na baada ya jua la miezi kadhaa ukingo wake hujitokeza. Kagua pia mipira ya vioo na kingo za taa: vumbi la rangi hapo linaeleza uvivu wa kuziba. Tazama vijiwimbi vya uso wa rangi. Kiwandani huwa vidogo na vya kulingana. Uso uliosuguliwa ukawa kama kioo pembeni mwa uso wa kampuni nao utaonekana tofauti. Bampa nisingelihukumu kwa ukali huo. Ni plastiki, mara nyingi limepakwa mbali na bodi, na kwenye magari mengine lilitofautiana tangu kiwandani.

Kwa alama za mawe kwenye boneti, brashi ndogo inatosha, lakini brashi hailazi chembe za metaliki, na doa litakuwa jeusi kidogo. Ubora hapo ni udogo: rangi ijaze shimo tu, kwa matone membamba yanayosubiriana, isivuke ukingo.

Kazi ikiisha, iombe ile kadi iliyoshinda. Nyuma yake fundi aandike namba, toleo, kiasi cha thina, upepo na idadi ya mipulizo, pamoja na jina la klia. Iweke ndani ya bahasha, mbali na jua. Mlango ukikwaruzwa tena, fundi atakayefuata ataanza na kadi hiyo mkononi, na atajua pa kusogea ikiwa gari limekwisha kuiacha.