Mondragón: Faida Iliyogawanywa Bila Kutoka Kiwandani

Mondragón, kundi la vyama vya ushirika vya wafanyakazi nchini Hispania, ikitajwa mbele ya watu wa ushirika, sifa za kwanza huenda kwenye kura: kila mwanachama ana moja, awe fundi au meneja. Ni kweli, ila kura si kazi ngumu. Hata AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho kule Mtwara, hupiga kura. Tofauti ni kwamba kwetu mwanachama ni mwenye korosho, ilhali karani na mpakia magunia ni waajiriwa tu. Kule Mondragón mwenye kuifanya kazi ndiye mwenye mali, na kinachouwezesha mpango huo kudumu kimo kwenye vitabu vya hesabu.

Padri José María Arizmendiarrieta alifika Mondragón, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, mwaka 1941, na miaka miwili baadaye akaanzisha shule ya ufundi. Wanafunzi wake watano walifungua kiwanda cha Ulgor mwaka 1956, wakaanza kwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Mwaka 1959 wakapata benki yao, Caja Laboral, iliyokusanya akiba za watu wa kawaida na kuvikopesha viwanda vya aina hiyo. Leo kundi zima lina wafanyakazi wapatao 70,000.

Tuingie kwenye hesabu. Mwanachama mpya hutoa mtaji wa kuingilia, ambao miaka ya karibuni umekuwa kama euro 15,000, na anaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake. Hapewi hisa ya kwenda kuiuza. Hufunguliwa akaunti ya mtaji yenye jina lake ndani ya vitabu vya kiwanda. Sasa chukua mfano wa kiwanda chenye wanachama 100 kilichopata ziada ya euro milioni moja. Kwa mgawanyo uliozoeleka huko, 450,000 zitaingia kwenye akiba ya pamoja isiyogawanywa, 100,000 kwenye elimu na shughuli za jamii, na 450,000 ni za wanachama kulingana na ngazi ya malipo na kazi ya kila mmoja. Wastani ni euro 4,500 kwa mtu. Ila hazifiki mfukoni. Zinaandikwa kwenye akaunti yake, naye hupokea riba tu. Mtaji wenyewe atauchukua akiacha kazi au akistaafu. Faida imeshapata wenyewe, na papo hapo ingali inanunua mashine.

Hapo ndipo ugomvi mkongwe wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi unapopungua makali. Mtu wa miaka 62 ana sababu gani ya kuunga mkono mtambo utakaoanza kulipa yeye akiwa kwake anafuga kuku? Ziada ikiwa ya wote bila jina la mtu, atataka igawanywe leo. Ikiwa imeandikwa kwa jina lake, anaweza kuvumilia. Na kwa kuwa hakuna hisa ya kuuza sokoni, mlango wa mgeni kuingia haupandi bei kila kiwanda kinapostawi. Marekani walipita njia nyingine. Olympia Veneer, kiwanda cha mbao za plaiwudi kilichoanzishwa na wafanyakazi katika jimbo la Washington mwaka 1921, kilikuwa na hisa za kuuzika. Zikawa ghali, wageni wakachukuliwa kama vibarua, wenye mali wakabaki wachache, na mwaka 1954 wakakiuza kwa kampuni kubwa.

Malipo nayo yamewekewa mipaka. Mwanzoni ngazi ya juu haikuzidi mara tatu ya ile ya chini. Baadaye ikapanda hadi kama mara sita, maana mameneja wazuri walikuwa wakivutwa na makampuni ya nje. Mkutano mkuu huchagua baraza, baraza huteua meneja. Pasionekane pepo hapo: mwaka 1974 wanachama wa Ulgor waligoma kwa sababu ya kupangiwa ngazi za kazi, na walioongoza mgomo wakafukuzwa.

Akaunti za mtaji nazo zina upande wake mchungu, kwa sababu hasara nayo hukatwa humo humo. Ulgor ikaja kuwa Fagor Electrodomésticos, watengenezaji wa majokofu na mashine za kufulia. Ilinunua kiwanda nchini Poland mwaka 1999, kisha kampuni ya Brandt ya Ufaransa mwaka 2005, kwa mikopo mizito. Soko la nyumba la Hispania lilipoporomoka mwaka 2008, wanunuzi wa majokofu wakapungua nalo. Vyama vingine vya kundi viliendelea kuichangia hadi Oktoba 2013, viongozi wao walipokataa kuongeza. Fagor ikafilisika, na akaunti za wanachama zikafutika, pamoja na akiba ambazo baadhi yao, wakiwemo wastaafu, walikuwa wameamua kuziacha kiwandani kwa ajili ya riba.

Ajira ndiyo iliyookolewa zaidi. Wengi wa wanachama walihamishiwa vyama vingine vya kundi, na wenye umri mkubwa wakastaafishwa mapema. Wafanyakazi wa Poland na Ufaransa hawakuwa wanachama. Akaunti ya kupoteza hawakuwa nayo, na chama cha kuwapokea hawakuwa nacho.