Nyumba Inayohama na Mwenyewe

Katika vijiji vya Wabugis, Sulawesi Kusini nchini Indonesia, mtu anaweza kuuza nyumba asiuze kiwanja. Mnunuzi akishalipa, huja na majirani zake siku waliyopatana, wakafunga mianzi kwenye nguzo, wakaitia nyumba mabegani na kuondoka nayo, paa na kuta zake zikiwa mahali pake. Wageni wanaotazama umati ule ukitembea chini ya nyumba nzima huusifu ushirikiano wa wanakijiji, na sifa hizo ni za haki. Ila kabla ya wabebaji kuna mtu aliyefanya kazi miaka mingi nyuma, akijua kwamba nyumba anayoijenga itakuja kunyanyuliwa. Huyo ni panrita bola, fundi wa nyumba, na sifa zake husahaulika upesi kwa sababu kazi yake iliyo bora imefichwa ndani ya mti.

Bola, nyumba ya Kibugis, husimama juu ya nguzo na ina sehemu tatu. Uvungu wake huitwa awa bola. Humo hufungwa mifugo, huwekwa majembe na pikipiki, na katika vijiji vya Wajo wanawake hukaa humo na vitanda vyao vya kufumia hariri. Kwa walio kando ya Ziwa Tempe, maji ya masika hupita uvunguni humo na wenyeji wakabaki juu na ukavu wao. Sehemu ya kati, ale bola, ndiko watu wanakoishi, wanakolala na kupokea wageni. Juu kabisa, chini ya paa, ni rakkeang, dari ya kuwekea mpunga na vitu vya urithi. Wabugis huzilinganisha sehemu hizo tatu na ulimwengu wa juu, wa kati na wa chini unaosimuliwa katika La Galigo, utenzi wao mkubwa wa kale. Hata uso wa paa una maneno yake: zile tabaka za mbao kwenye pembetatu ya mbele, timpa' laja, zilionyesha cheo cha mwenye nyumba. Tabaka nyingi zilikuwa za ukoo wa kifalme, na raia wa kawaida aliishia moja au mbili.

Fundi huanza kazi msituni, au siku hizi kwa muuza mbao. Mti aupendao ni bitti, mgumu na mvumilivu, unaoota Sulawesi kwenyewe. Huupima kwa macho na kwa kiganja, akitafuta fundo au ufa, kwani kasoro ndogo kwenye gogo itakuwa kubwa pale tundu litakapopita. Vipimo hutoka katika mwili wa mwenye nyumba, kwa urefu wa kimo chake na upana wa mikono yake iliyonyooshwa. Kwa hiyo hakuna nyumba mbili zilizolingana sawasawa, na nyumba ya mtu mrefu huonekana ndefu tangu njiani. Siku ya kuanza kujenga haichaguliwi ovyo. Fundi huhesabu siku njema na siku mbaya, na elimu hiyo huirithi pamoja na patasi.

Kisha huja kazi ya matundu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kila nguzo hutobolewa ipitishe boriti za aina mbili. Pattolo hukata nyumba kwa upana, na arateng huenda kwa urefu kutoka mbele hadi nyuma. Matundu hayo mawili yanapishana karibu karibu katika mti mmoja. Yakikaribiana mno, nguzo hupasuka mzigo ukiilemea. Yakiachana mno, sakafu haitakaa sawa. Fundi huchora mstari, hutoboa pembe za tundu, halafu huingia na patasi kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi katikati. Hapo huigeuza nguzo na kuanza upande wa pili, ili mti usichanike anapotokea. Akikaribia mwisho haigongi tena patasi. Huisukuma kwa mkono, akikwangua maganda membamba, na kila mara hujaribu boriti, huichomoa, hutazama ilipoacha alama ya kusugua, hukwangua hapo tu na kujaribu tena. Anapotosheka, boriti huingia kama upanga alani, na kabari ya mti hupigiliwa kuibana. Misumari haina kazi katika mifupa ya nyumba hii.

Wengi hupitwa na ugumu wa kiungo hicho. Kukaza tu si kazi kubwa. Ukilazimisha boriti kwa nyundo nzito itakaza, lakini haitatoka tena bila kuvunja kitu. Kulegeza nako hakuhitaji ufundi. Fundi wa Kibugis anatakiwa akaze kiasi cha nyumba kustahimili upepo wa pwani na mikiki ya watoto, na papo hapo aache njia ya kabari kung'olewa baada ya miaka thelathini na boriti kutoka ikiwa nzima. Ndiyo maana nguzo, ambazo zamani zilichimbiwa ardhini, zikaja kukalishwa juu ya mawe bapa. Nyumba hushikana yenyewe kwa yenyewe, na ardhi inaibeba tu.

Siku ya kusimamisha, kijiji huitwa. Nguzo za mstari mmoja zilizokwisha kuunganishwa zikiwa zimelala huinuliwa kwa pamoja, na boriti ndefu hupenyezwa kutoka safu moja hadi nyingine. Nguzo ya kwanza kwa heshima ni posi bola, kitovu cha nyumba, ambayo hufanyiwa dua na kuwekewa vitu vya baraka kama nazi na sukari ya mnazi. Falme za Kibugis zilipokea Uislamu mwanzoni mwa karne ya 17, Luwu mwaka 1605 na Bone mwaka 1611, na tangu hapo mila ya kale na dini zimeishi chini ya paa moja. Nyumba ikishakamilika, watu hupanda ngazi na kusoma Barzanji, maulidi yaleyale yasomwayo Lamu na Unguja. Mikungu ya ndizi huning'inizwa nguzoni, na dua ikiisha watoto huirukia kwa vurugu zote.

Basi inapofika zamu ya kuhama, kila tundu hupimwa upya. Mara nyingi huwa Ijumaa baada ya sala, wanaume wakiwa wamekwisha kukusanyika. Vyombo na vitu vizito hutolewa, mianzi hufungwa, na mtu mmoja husimama mbele kupiga ukelele wa kuinua. Nyumba inapotoka juu ya mawe yake hupindika kidogo, kwa sababu mabega hayalingani na njia haikunyooka. Hapo boriti husogea katika matundu yake kwa unene wa kucha, zikanyonya ule mpindo, zikarudi. Viungo vilivyogandishwa kwa misumari vingechanika katika hatua za kwanza. Baada ya kazi watu hula barongko, ndizi zilizopondwa na kupikwa kwa mvuke katika majani ya mgomba, na samaki wa kutosha. Safari ikiwa ya mbali, nyumba hufumuliwa kipande kipande na kwenda kuunganishwa huko iendako. Kwa watu waliozoea kuvuka bahari kutafuta maisha Kalimantan, Sabah na kwingineko, nyumba ya namna hii ilikuwa na maana kamili.

Leo hali imebadilika. Mti mgumu umeadimika na bei yake imepanda, na mabati yamechukua nafasi ya makuti. Familia nyingi zinazojaliwa fedha kutoka kwa mtoto aliye ughaibuni huanza kwa kujengea uvungu kuta za matofali na sakafu ya vigae. Huwezi kuwalaumu. Wamepata chumba cha duka, bafu, na mahali ambapo bibi hahitaji kupanda ngazi. Lakini nguzo iliyozungukwa na saruji haitanyanyuka tena, hata kama juu yake viungo ni vilevile. Vijana wenye mabega nao ndio haohao waliosafiri.

Hata hivyo mafundi wangali wanaitwa, na wenye nyumba za juu bado wanataka boriti zipite ndani ya nguzo, hata pale wasipotarajia kuhama. Nadhani wanafanya vizuri. Kiungo kinachofunguka ni pia kiungo kinachotengenezeka. Nguzo moja ikioza huchomolewa, nyingine ikaingizwa, na nyumba iliyobaki haivunjwi. Nyumba ya matofali ikipata ufa, mwenye nyumba huziba na kupaka rangi. Ya panrita bola hung'olewa kabari, na mjukuu anayeing'oa huona waziwazi jinsi babu alivyokata tundu, akajifunza kulikata.