Insafu ya Mchezo

Miongoni mwa fani ambazo hazijapata kusifiwa kwa kadiri ya stahili yake ni fani ya kunakashana juu ya kazi ya sanaa kwa mahaba na kwa adabu. Na katika zama zetu hizi ni mabaraza machache ambamo fani hiyo hustawi kama katika mabaraza ya mashabiki wa michezo ya video ya zamani, watu ambao wengine huwadhania kuwa wanapoteza saa zao katika upuuzi, kumbe wanafanya kazi ambayo, ingalifanywa juu ya vitabu vyenye majalada ya ngozi, ingaliitwa ilimu.

Mfano bora ni Chrono Trigger, mchezo uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwezi wa Machi 1995 kwa mashine ya Super Famicom. Waliokutana kuubuni walikuwa mabingwa waliokwisha kujipatia majina: Hironobu Sakaguchi, mwanzilishi wa Final Fantasy, Yuji Horii, mtunzi wa Dragon Quest, na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball. Kisa chake ni cha kijana Crono wa mwaka 1000, ambaye yeye na sahibu zake hupenya milango ya wakati, huku na huko baina ya enzi, ili wamzuie Lavos, kiumbe aliyeanguka kutoka angani miaka milioni 65 kabla yao, akajificha tumboni mwa ardhi, naye atatoka mwaka 1999 auangamize ulimwengu.

Hoja ya kwanza inayowagawa mashabiki ni ya ugumu wa mabosi, yaani maadui wakuu wa mchezo, na aghalabu huanza na Magus, mchawi mkuu, ambaye mchezaji humkabili ndani ya ngome yake mwaka 600. Huyu hujizungushia kinga isiyokubali kupenywa ila na aina moja ya uchawi, na aina hiyo hubadilika kila mara, hata anayepiga kwa pupa huona mapigo yake yakimponya adui badala ya kumjeruhi. Kisha mwishoni huiweka kinga kando, akajikusanya, akaachia giza linalowakumba wote kwa pamoja. Wako wasemao kuwa hiyo ni dhuluma, kwa kuwa mchezo hadi hapo ulikuwa mpole. Na wako wajibuo kuwa kila badiliko la kinga lina dalili yake, kwamba upanga wa Masamune mkononi mwa Frog, mmoja wa sahibu za Crono, humpunguzia Magus uwezo wa kuuhimili uchawi, na kwamba mwenye subira ya kusoma dalili hushinda pale ambapo mwenye haraka huzikwa. Ndipo mjuzi wa baraza huuliza: je, ulicheza kwa mtindo ambao wakati husimama unapochagua mbinu, au kwa ule ambao adui hakungoji? Mchezo una mitindo yote miwili, na hukumu juu ya ugumu haina uzito kabla ya jambo hilo kubainishwa.

Hoja ya pili ni ya mantiki ya kisa, na hapa utamu huzidi. Binti mfalme Marle huvutwa hadi mwaka 600, na kwa kuwa anafanana mno na Malkia Leene, bibi wa nasaba yake aliyekuwa ametekwa, watu wa kasri hudhani kuwa malkia amepatikana, wakaacha kumtafuta. Na kwa kuwa malkia ataangamia asipookolewa, Marle hutoweka mbele ya macho ya Crono, kwani nasaba iliyomzaa imekatika. Msikilizaji mwenye akili ya kupima hatatulia kabla ya kuuliza: ikiwa Marle hakuzaliwa, ni nani basi aliyefananishwa na malkia hata msako ukasitishwa? Na ikiwa msako haukusitishwa, kwa nini Marle asizaliwe? Na Crono, je, anamkumbukaje mtu ambaye hakupata kuwako? Upande mmoja husema watunzi wamejikwaa. Upande wa pili humleta Marle mwenyewe atoe ushahidi, maana malkia akisha kuokolewa binti hurejea, akasimulia kuwa alikuwa mahali penye baridi na giza. Basi, wasema, hakufutwa bali alizuiliwa, na katika ulimwengu ule badiliko la jana haliifikii kesho kwa mara moja.

Mtu wa nje angedhani kuwa hoja hizi mbili hazina udugu, moja ikiwa ya vidole na nyingine ya fikira. Hebu na amtazame Magus mara ya pili. Akiwa adui ana pointi 6,666 za uhai; akisamehewa na kujiunga na kundi, hawezi kupita 999, ambazo ndizo kikomo cha mchezaji yeyote. Mmoja hulalamika kuwa kisa kimekanushwa na hesabu. Wa pili hutetea kuwa bila ya kikomo hicho sahibu wengine wote wangekuwa mapambo. Wa tatu hudai kuwa Lavos alimnyonya nguvu. Hapa ugumu na mantiki vimeshikana mikono, na kinachotafutwa kimedhihirika kuwa ni kimoja, nacho ni insafu: kama watunzi walitimiza ahadi yao kwa mchezaji. Bosi hana dhuluma akitoa dalili kabla ya pigo, na kisa hakina kasoro kikitii sheria kilichojiwekea chenyewe.

Kwa sababu hiyo nawasifu wanakashaji hawa. Wanatambua kuwa ushahidi hutoka ndani ya mchezo wala si katika ukali wa sauti, na kwamba anayedai bosi ni mwepesi hulazimika kueleza alimpiga kwa silaha gani na akiwa katika ngazi ipi. Swali la Marle halijapata kadhi wa kulikata, na huenda lisimpate. Walakini kila anayelishika hulazimika kutenganisha alichokiona na alichokidhania, na ustadi huo akisha kuupata hautamwacha pale atakaposoma sheria, tarehe au habari za siku. Aliyependa akanyamaza amesifu kwa wepesi. Aliyependa akadai hesabu, akasikiliza jibu na kulipima, huyo ndiye aliyemtukuza fundi, kwa kuwa ameichukulia kazi yake kuwa inastahili kuulizwa.