Wanga, Gamba na Mwani: Uhakiki wa Istilahi za Polisakaridi

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi chache zinazotumiwa kwa Kiswahili kuzitaja dutu ambazo wanakemia huziita polisakaridi, yaani zile zilizojengwa kwa chembe nyingi za sukari sahili zilizoungana mfano wa mnyororo. Kilichotuchochea ni karatasi ya mafunzo iliyotufikia huko Kilwa, iliyotungwa kwa ajili ya wakulima wa mwani. Hatutaitaja jina lake wala la mtungaji wake, kwa kuwa kosa lililomo si lake peke yake. Ndani ya karatasi hiyo karajinani, dutu inayofanya mwani ununuliwe na kupelekwa ng'ambo, imeitwa "wanga wa mwani". Mama mmoja mkulima alituuliza, na kwa haki kabisa: ikiwa ni wanga, mbona hatuusongi ugali?

Swali hilo latulazimisha kurudi kwenye neno lenyewe. Wanga ni neno la jikoni kabla halijawa la darasani. Ni ule unga mweupe utuamao chini ya chombo muhogo ukunwapo na kukamuliwa, na ndio uliotiwa nguo ili zisimame. (Kwamba wanga pia ni wingi wa mwanga, mchawi wa usiku, si hoja, muktadha huondoa utata huo.) Somo la lishe lilipoingia shuleni neno hili likatandazwa, na leo watu wengi husema "vyakula vya wanga" wakikusudia kabohaidreti zote. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kulitumia kwa kila mnyororo wa sukari uonekanao katika mmea au mnyama. Neno moja limepewa kazi tatu: jina la dutu moja, jina la kundi la dutu hiyo, na jina la ukoo mzima.

Ubaya wa jambo hili hauonekani mpaka mwalimu afike kwenye muundo. Katika mkoa wa Lindi muhogo na mkonge hulimwa katika ardhi ya mkoa mmoja, na mimea hiyo miwili hutumia chembe ileile ya glukosi. Katika wanga wa muhogo, viungo vya mnyororo huelekea namna moja, nao mnyororo hujizungusha mfano wa parafujo. Sehemu kubwa ya wanga huo huwa na matawi pia. Katika selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya uzi wa mkonge, kila chembe imepinduliwa dhidi ya jirani yake. Mnyororo hunyooka, minyororo hulala sambamba, hushikamana, na huwa kamba. Vimeng'enya vya binadamu huvunja viungo vya namna ya kwanza na kushindwa kabisa na vya namna ya pili. Ng'ombe hujisaidia kwa vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Tone la ayodini hugeuza wanga kuwa na rangi ya buluu iliyoiva sana, wala haligeuzi selulosi hivyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba selulosi nayo ni aina ya wanga atayaona matokeo ya jaribio hilo na kudhani ayodini imeharibika.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya "makapimlo", istilahi ya wataalamu wa lishe kwa sehemu ya chakula isiyomeng'enywa. Mezani hatuipingi. Lakini makapi ni kitu cha kupepetwa na kutupwa, na mwalimu wa biolojia akiitumia kuieleza selulosi, atakuwa ameuita ukuta wa nyumba ya mmea taka. Twaonelea neno hilo libaki kwenye lishe, au liachie nafasi "nyuzinyuzi", ambalo halimtukani mtu.

Turudi kwenye mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliushughulikia tangu miaka ya 1970. Kisha kilienea bara na kufika Kilwa, Lindi na Mtwara. Wakulima huzijua aina mbili kwa majina ya biashara, spinosamu na kotonii. Aina zote mbili hutoa karajinani, lakini si ya namna moja. Chembe za sukari hapa ni za galaktosi, na juu yake vimebandikwa vikundi vya salfeti: kwa kotonii kikundi kimoja katika kila jozi ya chembe, kwa spinosamu viwili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya ute wa kotonii ugande ukawa mgumu na wa kukatika, hasa ukitiwa chumvi ya potasiamu, na ute wa spinosamu uwe laini wa kunepa. Wenye viwanda vya aiskrimu na dawa ya meno huchagua kwa tofauti hiyo, na bei ya kotonii kuwa juu kuliko ya spinosamu ina uhusiano nayo. Mkulima anayeambiwa kwamba zote ni "wanga" amenyimwa sababu ya bei yake mwenyewe.

Tena amenyimwa kujua kazi ya dutu hiyo kwa mmea. Mti hupigwa na upepo, nao husimama kwa ukuta mgumu wa selulosi. Mwani hupigwa na mawimbi mchana na usiku, nao ungekuwa mgumu ungekatika. Ukuta wake umejazwa karajinani ili unepe. Ni dutu ya kujengea, wala si ya kuweka akiba. Na kuna jambo ambalo mtungaji wa karatasi ile, twadhani, hakulifikiria: mwani mwekundu una wanga wake wa kweli, punje ndogo za akiba ndani ya seli. Basi "wanga wa mwani" ni jina ambalo mwenyewe yupo. Mwalimu atakapotaka kuitaja akiba hiyo, atakuta jina limekwisha kuchukuliwa na ukuta.

Kwa upande wa wanyama, glaikojeni iliyogunduliwa na Claude Bernard wa Ufaransa katika miaka ya 1850 huitwa mara nyingine "wanga wa wanyama". Hili twalisamehe kwa kiasi, kwani ni akiba kweli, nayo imejengwa kwa glukosi, ingawa ina matawi mengi zaidi na kwa ayodini huonyesha rangi ya hudhurungi nyekundu. Tabu iko kwa dutu ya ganda la kamba na kaa. Baadhi ya watu huiandika "kitini". Msomaji wa Kiswahili atasoma hapo "juu ya kiti", na mwanachuo atadhani ni karatasi za mhadhara, maana vitini ndivyo anavyogawiwa kila siku. Wengine wangependa kulitumia neno la wavuvi, gamba. Twalipenda neno hilo, lakini gamba la samaki si dutu hiyo, la kasa si hiyo, na la konokono ni chokaa. Gamba ni jina la umbo la kitu, na wavuvi hawakukosea kulitumia kwa vyote. Kwa dutu yenyewe twapendekeza "kaitini", kwa kufuata matamshi kama ilivyofanywa kwa glaikojeni.

Imebaki istilahi ya ukoo mzima. Wako wanaotaka "sukari nyingi", kwa kutafsiri kipande kwa kipande. Tafsiri hiyo ni ya hatari. Hospitalini "sukari nyingi" ni habari ya ugonjwa, na mgonjwa atakayesoma kwamba mchicha wake umejaa sukari nyingi ataacha kuula. Kwa hiyo twakubali "polisakaridi" kwa vitabu, pamoja na maelezo "mnyororo wa sukari" inapotajwa mara ya kwanza. "Kabohaidreti" ibaki kwa ukoo mkubwa zaidi, na wanga urudi nyumbani kwa muhogo na mahindi.

Tutaambiwa kwamba tumekimbilia kukopa kabla ya kutafuta nyumbani. Tumetafuta. Pwani hii ilikwisha kutenga gundi na sandarusi zamani, ingawa zote mbili huchuruzika mitini: gundi ya mkorosho huyeyuka majini, nayo ni polisakaridi, sandarusi iliyochimbwa na kuuzwa ng'ambo katika karne ya 19 haiyeyuki majini, wala haina uhusiano na sukari. Mahali ambapo lugha imekwisha kutofautisha, tuifuate. Kwa karajinani haikuwa na haja ya jina, kwa kuwa hakuna aliyeichemsha mwani akaitenga.

Kwa karatasi ile ya Kilwa twashauri sentensi hii: "Mwani huu una karajinani, ambayo ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari, si wanga, na mwili wa binadamu hauwezi kuimeng'enya." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini nafasi katika karatasi ipo.