Goti Lisilofaa Kuchuliwa

Kijana wa Pemba akivimba goti, lawama ya kwanza huenda kwa mpira, ya pili kwa mkarafuu alioupanda msimu wa mavuno. Mara nyingi lawama hizo ni za haki: goti huchuliwa kwa mafuta, likapumzishwa, uvimbe ukashuka.

Linalomtia daktari wasiwasi ni goti linalokaidi. Maumivu yanamwamsha mtu usiku, uvimbe unazidi kila wiki, na ukipapaswa ni mgumu, umeng'ang'ania mfupa. Osteosakoma, saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana, hupenda ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, yaani juu na chini ya goti. Hapo kuchua kukome.

Kwanza eksirei, ya mbele na ya ubavuni. Saratani inayokua kwa kasi huinua utando unaoufunika mfupa, na mfupa mpya ukajengeka pembeni tu, penye kona inayoitwa pembetatu ya Codman. Wakati mwingine huota vijiti vilivyotawanyika kama miali ya jua. Lakini kifua kikuu nacho hula goti, na mwenye selimundu anaweza kuwa na usaha ndani ya mfupa ukaleta picha ya kubabaisha. Eksirei hushuku tu.

Jibu hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa sindano kwenye uvimbe, na hapa ndipo kazi huharibika. MRI hutangulia, kwa kuwa damu ya sindano huchafua picha. Njia ya sindano nayo huweza kubaki na chembe za saratani, hivyo baadaye hukatwa pamoja na uvimbe. Ikipita ndani ya kiungo, goti zima huingia hatarini. Mwaka 1982 Henry Mankin na wenzake wa Marekani walichunguza wagonjwa 329: 15 walikatwa kiungo bila ulazima kwa sababu ya uchukuaji mbovu wa kinyama. Waliporudia kwa wagonjwa 597 mwaka 1996, makosa yalikuwa karibu yale yale.

Kwa hiyo daktari wa Mkoani au Wete anayeshuku saratani hafanyi vibaya kuiacha sindano kabatini na kumpandisha mgonjwa boti na picha zake mkononi, mpaka kwa mpasuaji atakayekuja kumfanyia operesheni, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili au kwingineko.

Kwenye maabara, kinyama hicho hulowekwa kwenye fomalini, kisha chokaa ya mfupa huyeyushwa taratibu ndipo kikatike vipande vyembamba. Mtaalamu wa patholojia husaka chembe mbovu zinazofuma mfupa mchanga. Zipo saratani za hila zaidi: sinovio sakoma, licha ya jina lake, ni nadra kuanzia ndani ya kiungo, na huweza kukua polepole hata ikadhaniwa ni kifuko cha maji nyuma ya goti. Huthibitishwa kwa kuona vipande vya kromosomu X na 18 vimebadilishana nafasi. Kifua nacho hupigwa CT, maana zote mbili hukimbilia mapafu.