Walianzia kwenye Lebo

Mafuvu manane. Katika mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa Berlin kati ya 2017 na 2019, ambayo 202 kati yake yalihesabiwa kuwa ya Tanzania, ni manane tu yaliyoingizwa kwenye zoezi la vinasaba ili yatafutiwe jamaa. Stiftung Preussischer Kulturbesitz, taasisi ya Berlin inayoyahifadhi, walipotangaza matokeo Septemba 2023 walieleza kwamba hayo manane ndiyo yaliyokuwa na maelezo ya kutosha ya mahali yalikotoka. Kwa lugha ya mtaani, yalikuwa na lebo nzuri.

Kosa liko hapo, na lilifanyika kabla hata ya mtu mmoja Moshi kuombwa mate.

Matokeo yenyewe mnayajua. Fuvu moja lililoandikwa “Akida” lilioana kikamilifu na mtu aliye hai, na likatajwa kuwa la mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli, mtawala wa Moshi. Mawili yalioana karibu kabisa na familia ya Molelia wa Kibosho. Maabara ilifanya kazi safi, na hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni nani aliyeachiwa kuchagua. Lebo iliandikwa na nani? Na ofisa aliyekata kichwa, au daktari aliyekipakia, au karani wa Felix von Luschan, mwenye mkusanyo huo, aliyekipa namba kilipofika Berlin. Hakuna kati yao aliyekuwa na haja ya kujua huyu ni mtoto wa nani, kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, kiko kata gani, mkewe alitoka nchi ipi. Walichotaka ni kabila na mahali, basi. Hata pale lebo ilipojitahidi, iliandika cheo cha mtu. Halafu miaka mia na ushei baadaye tunakaa mezani kumtafuta mwenye mji wa karne ya 19, na kalamu tunayoipa kura ya kwanza ni ya yuleyule aliyemwondoa mjini kwake. Fuvu ambalo karani alichoka kuliandika vizuri linabaki kwenye sanduku. Fuvu ambalo karani wake aliamka vizuri siku hiyo linapata ndugu.

Nimesikia utetezi. Kupima vinasaba kwenye mfupa mkongwe kunaharibu sehemu ya mfupa, hivyo huwezi kutoboa mabaki ya watu 202 ili ujaribu bahati. Lazima kuwe na dalili kwanza, na lazima kuwe na ridhaa ya wahusika. Hoja hiyo naikubali mpaka kwenye neno dalili. Dalili zipi? Tarehe 2 Machi 1900, pale Old Moshi, Wajerumani walinyonga watu 19 kwa siku moja. Meli wa Moshi alikuwemo. Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina, alikuwemo. Ngalami wa Siha alikuwemo. Siku inajulikana, mahali panajulikana, na familia zinawataja watu wao mpaka leo. Hiyo ni orodha iliyofungwa. Mtafiti yeyote wa nasaba akipewa orodha iliyofungwa ya watu 19, wenye ardhi, wenye wake wengi na wenye wajukuu wanaoishi palepale babu alipoishi, anapaswa kushukuru na kuanzia hapo. Nenda kwenye nyumba 19. Kaa nao, andika nasaba zao pande zote mbili, chukua mate ya watu watatu au wanne kwa kila nyumba, omba ridhaa yao kwa pamoja, ndipo urudi Berlin ukiuliza mafuvu yote ya Kilimanjaro swali moja. Walifanya kinyume: waliliuliza fuvu lebo yake, kisha wakapanda mlima kutafuta nani anafanana nayo.

Matokeo yake tunayaona kwa Mzee Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, ambaye amekidai kichwa cha babu yake kwa zaidi ya nusu karne. Mate yake yalichukuliwa, hayakuoana na fuvu lolote lililopimwa. Watu wakasema Meli hayupo Berlin. Hilo halijathibitishwa hata kidogo. Kilichothibitishwa ni kwamba hayumo kwenye yale ambayo karani aliyaandika vizuri.

Mnyaka Sururu Mboro, mtoto wa mlimani aliyefika Ujerumani miaka ya 1970 akiwa amemwahidi bibi yake kwamba atakirudisha kichwa cha Meli, alipita kwenye makumbusho ya Berlin akiuliza miaka na miaka kabla taasisi hazijaanza kujibu. Bibi alikuwa na jina, tukio na mahali. Kitaalamu hiyo ni kumbukumbu bora kuliko kadi nyingi za Luschan.

Sasa ngoja nieleze kwa nini namwita Meli mwenye ardhi, maana najua kuna watakaosema mangi ni mtawala, tusimchanganye na wakulima. Wasomaji wa safu hii wanajua ninavyokereka na historia ya Kilimanjaro inayoandikwa kama orodha ya wafalme. Kathleen Stahl, katika kitabu chake cha 1964, alipanga kila kitu kwa mangi: nchi baada ya nchi, mangi baada ya mangi, nani alimpiga nani. Kazi kubwa, nakubali, na hakuna anayeweza kuipita. Lakini mangi ukimwondoa kwenye ardhi unabaki na vita tu. Rindi, baba yake Meli, ambaye Wazungu walimwandika Mandara, anajulikana dunia nzima kwa sababu moja ya kijinga: alikuwa njiani kwa wageni. Charles New alimpitia, Harry Johnston akapiga kambi kwake 1884, Jühlke wa kampuni ya Kijerumani akaja na mkataba 1885. Sina wa Kibosho, ambaye ubabe wake ulimnyima Rindi usingizi, hana hata robo ya kurasa hizo. Tukichora maisha ya mtu kwa kufuata wageni waliomtembelea, tutapata historia ya wageni.

Mangi alikuwa mwenye ardhi kwa maana ambayo kila mtu wa mlimani anaielewa. Pori ambalo halijapandwa lilikuwa mkononi mwake. Aliyetaka kihamba kipya alikwenda na mbege, akaonyeshwa mahali, akapanda masale ya mpaka na migomba. Kikishapandwa na kurithiwa, kihamba kilikuwa cha ukoo, na mangi mwenye akili hakukigusa. Mashamba ya chini, ya ulezi na baadaye mahindi, yaligawiwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo kila kihamba kilichopandwa Moshi wakati wa Rindi, aliyefariki 1891, au wa Meli aliyemrithi, kilikuwa ni tukio katika maisha yao: siku fulani mtu fulani alisimama mbele ya mangi akaomba. Ukikusanya maombi hayo, unapata maisha ya mwenye ardhi bila kusubiri mgeni aje na daftari.

Yanakusanywaje? Kwanza achana na hesabu ya miaka 30 kwa kizazi. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Kaka akimrithi kaka, hesabu inakupa vizazi viwili palipo na kimoja, na babu yako anazaliwa kabla ya Rebmann kuuona mlima 1848 wakati kwa kweli alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe wakati wa tauni ya mifugo ya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wazee walikuwa na rika. Ukijua rika la mtu na nani alitahiriwa naye, unamweka mahali pake vizuri kuliko kikokotoo chochote.

Pili, fuata urithi wenyewe ulivyokwenda. Kwa kawaida ya mlimani, kifungua mimba anapata kihamba mapema na kitinda mimba anabaki na mji wa baba, wa katikati wanakwenda kuomba kwingine. Maana yake, ukitaka kujua mtu wa 1880 aliishi wapi hasa, usiende kwa mjukuu msomi aliyejenga ghorofa barabarani. Nenda kwa kitinda mimba wa kitinda mimba. Pale palipo na nyumba yake ya matofali leo, na pale nyuma mgombani ambapo masale yamesimama bila kuwa mpakani, ndipo penye mzee. Maana kabla ya makaburi ya saruji mwenye mji alizikwa ndani ya nyumba yake, kisha mifupa ikafukuliwa na kuwekwa mgombani, na masale ndiyo alama. Fikiria basi wanaume waliokatwa vichwa baada ya kunyongwa mwaka 1900: familia ziliporwa kitu ambacho kwa desturi yao kilikuwa na mahali pake maalumu, hatua kadhaa kutoka mlangoni.

Tatu, mfongo. Mifereji ya mlimani ina koo zake, na zamu za maji zinajua nani alikuwepo kabla ya nani. Anayedai kihamba cha babu lakini hana zamu kwenye mfongo wa karibu ana maelezo ya kutoa.

Nne, muhtasari wa ukoo. Kila aliyewahi kufungua mirathi mahakama ya mwanzo anaijua karatasi hiyo: waliohudhuria, marehemu kaacha nini, mipaka kaskazini fulani kusini mfereji, msimamizi kateuliwa nani. Kwa mipaka na majirani ni hazina. Kwa nasaba ni karatasi ya wanaume iliyoandikwa na wanaume wakiwa na njaa ya mbuzi anayechomwa nje, na inapaswa kusomwa hivyo.

Haya yote si ugunduzi wangu. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, alizunguka enzi za Mjerumani akiwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa Rindi na Sina, akajaza madaftari tisa kwa Kichagga, na Stahl mwenyewe alichota humo. Hakuwa na maabara. Mangi Petro Itosi Marealle akaandika kwa Kiswahili, 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, na yale aliyoyaweka kuhusu mazishi na wahenga yangewaokolea watu wa Berlin vikao vingi. Na Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake kilitoka 1986, alifanya kile ninachokidai hapa: aliweka vihamba kwenye ramani kimoja kimoja, akasoma kesi za mahakamani, akauliza kila mpaka ulitoka kwa nani. Mtui na Moore hawakuwahi kukutana lakini wote wawili walianzia kwa mtu na mahali pake. Ukilinganisha na taasisi yenye bajeti ya serikali iliyoanzia kwenye kadi, kwa kweli inasikitisha.

Turudi kwenye vinasaba, maana kuna jambo la kitaalamu ambalo matangazo yalilipita haraka. Kromosomu Y inashuka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. Kwa hiyo inaujua ukoo, haimjui mtu. Mzee, kaka yake na mtoto wa kiume wa baba yake mdogo wote wanaonekana kitu kimoja. Mlimani kuna la ziada: mjane alirithiwa na shemeji, na mtoto aliyezaliwa akaandikwa kwa marehemu. Kipimo cha Y hakitagundua lolote hapo, kwa sababu shemeji na marehemu ni damu moja. Vipimo vipana zaidi vinaweza kukadiria ukaribu wa undugu, lakini mfupa uliokaa zaidi ya karne hautoi kila kinachotakiwa. Ndiyo maana “karibu kabisa” na familia ya Molelia ni jibu la nusu. Mafuvu mawili, ukoo mmoja. Yupi ni yupi? Mashine haitasema. Atakayesema ni mzee wa Kibosho anayejua ni ndugu wangapi wa mangi waliondoka naye mwaka ule, na huyo alipaswa kuwa wa kwanza kuulizwa.

Na ndipo linakuja kosa la pili, dogo kuliko la kwanza ila la ukoo huohuo. Kutafuta jamaa kwa kufuata jina la familia ni kufuata wanaume. Mabinti wa mamangi waliozwa nchi za jirani, ndoa ikiwa ndiyo siasa ya mlimani, na majina yao hayamo kwenye muhtasari wowote. Yamo kwenye daftari za ubatizo. Wakatoliki wako Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri walifika Old Moshi muongo huohuo, na mapadre na wachungaji, kwa sababu zao wenyewe, waliandika jina la baba na la mama wa kila aliyebatizwa. Mtu aliyebatizwa 1905 akiwa mtu mzima anakupa wazazi waliolima wakati wa Rindi. Damu ya binti wa Kibosho aliyeolewa Machame ilishuka kwa wajukuu wake sawasawa na ile ya kaka yake aliyebaki nyumbani. Mate ya wajukuu hao yangeweza kupima mafuvu ambayo jina la Molelia halifiki, na parokia zilizo na daftari hizo bado zinafungua ofisi asubuhi.