Kitabu Ndani, Mwenyewe Nje

Tarehe 24 Oktoba, 1968, wasomi watatu wa chuo cha Nairobi, James Ngugi (ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o wa baadaye), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na pahali pake iwekwe idara ya fasihi na lugha za Afrika. Waraka huo ulichapwa tena mwaka 1972 katika kitabu cha insha za Ngũgĩ, na tangu hapo aghalabu husomwa kama cheti cha kuzaliwa cha somo letu. Nami nausoma kwa heshima, lakini si bila ya mashaka.

Heshima unaistahili. Ulikataa kwamba fasihi ya Kiingereza ndiyo shina na nyingine zote matawi. Uliitaka Afrika iwe katikati, na fasihi za mataifa mengine zitazamwe kwa kuhusiana nayo. Fasihi simulizi uliipa nafasi kubwa, kwa hoja kwamba ni mapokeo yaliyo hai, si masalio ya kale. Na fasihi ya Kiswahili ukaitaja miongoni mwa mambo yapasayo kusomwa. Idara ikageuzwa kweli. Kijana aliyekuwa akidhani nyimbo za kwao ni mambo ya jikoni alizikuta zimeandikwa ubaoni.

Mashaka yangu ni haya. Uzito wa hoja za waraka u katika mtaala: nini kisomwe, na kwa mpango gani. Swali la pili, yaani nani akisomeshe, katika vyuo vyetu limekaa nyuma ya lile la kwanza mpaka leo. Wimbo uliingia darasani. Mwimbaji akabaki nje, akingoja mwanafunzi amwendee na chombo cha kunasia sauti.

Desturi hiyo haikuanza Nairobi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliokolewa katika karne ya 19 na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafahamu. Diwani ilipochapwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940, jina la mhariri lilikuwa la William Hichens. Sikumlaumu Hichens kwa kazi aliyoifanya. Bila yeye huenda tusingekuwa na kitabu. Lakini mtu aliyejua maana ya neno gumu, na nani aliyejibiwa kwa ubeti gani, hakuitwa mtaalamu. Aliitwa msaidizi.

Karibu nasi zaidi yuko Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Ushairi alifundishwa na bibi yake. Utendi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza jahazi la Lamu, ulichapwa Leiden mwaka 1979, na wataalamu wa nchi nyingi walimwendea kumwuliza. Wengi wao walirudi makwao kuandika tasnifu. Tazama basi daraja hizi: mwenye tasnifu yu kitini, malenga yu katika ukurasa wa shukrani, na bibi aliyemfundisha malenga hata ukurasa huo hakuufikia. Waraka wa 1968 ulitoka kwa wanaume watatu. Ilikuwa mwaka 1980 ndipo Micere Githae Mugo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Na huyo alikuwa na shahada zote zilizotakiwa.

Itasemwa kwamba shahada ni kipimo, na bila kipimo chuo hugeuka baraza. Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Si kila mzee akumbukaye tenzi aweza kufundisha. Wengine hawana subira na swali la kijana, na kulinganisha fasihi za mataifa mbalimbali ni elimu ambayo mtunzi wa Lamu huenda hakuihitaji. Lakini ikiwa maneno ya mtu yatosha kumpatia mwingine udaktari, kwa nini yeye asiketi miongoni mwa watahini? Anayejua kama ubeti umefasiriwa sawa au umepotoshwa ni nani katika chumba kile?

Ningependa mwalimu mwenye shahada na malenga wasomeshe darasa moja, wapate ujira mmoja, na kitabu kitokacho hapo kiwe na majina mawili jaladani. Mhasibu wa chuo atauliza malenga alipwe kwa fungu lipi. Sasa hulipwa, akilipwa, katika fungu la safari za utafiti, pamoja na nauli na betri.

Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, na mashairi ya Muyaka yamo humo kwa mwandiko wa Sikujua mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu.